Nani Anamiliki Wimbo, Nani Anamiliki Saa: Niliyojifunza Nikiwa Mtunzi na Mwimbaji wa Kujitegemea

Watu wanaoniuliza namna ya kuwa mwanamuziki wa kujitegemea kwa kawaida huanza na swali la vifaa: maikrofoni ipi, kompyuta ya aina gani, studio ipi. Ninawaelewa, kwa sababu vifaa huonekana na hununulika, na mtu akishavinunua hujiona ameanza safari. Hata hivyo, yaliyoniumiza na yaliyoniokoa katika kazi hii hayakuhusu vifaa sana. Yalihusu mambo mawili: nani anamiliki wimbo baada ya kurekodiwa, na nani anamiliki saa zangu za kutunga. Msanii anayejisimamia anaweza kukosa lebo, meneja na hata bajeti, na bado akaendelea na kazi; akipoteza kimojawapo cha hivyo viwili, kujitegemea kwake hubaki jina tu. Ninamwandikia mtu ambaye nyimbo zake bado ziko daftarini au kwenye simu, ili ayajue mapema yale ambayo mimi niliyajua nikiwa nimeshayalipia.

Nilianza kwa kuimba nyimbo za wengine katika bendi ya kukodiwa kwenye hafla, na sijutii hata kidogo. Anayeimba mbele ya watu ambao hawakuja kumsikiliza yeye hujifunza kwa haraka ni wapi wimbo unamshika msikilizaji na ni wapi unamwachia. Niliona kwamba utangulizi mrefu huvumiliwa pale tu unapokuwa na kitu cha kusikilizwa ndani yake, kwamba nyimbo nyingi dhaifu hufia kwenye ubeti wa pili kwa kuwa mtunzi alikuwa ameshamaliza alichotaka kusema, na kwamba kiitikio kisichoimbika na mtu asiye mwimbaji hakitaimbwa na yeyote. Nilijifunza pia kuchagua ufunguo wa wimbo kwa kupima noti ya juu kabisa ya kiitikio badala ya kuangalia jinsi ubeti wa kwanza unavyokaa vizuri kooni, kwa sababu noti hiyo itabidi ifikiwe tena na tena, hata mwishoni mwa onyesho, sauti ikiwa imechoka.

Nyimbo zangu mwenyewe nilizitunga pembeni, bila kumwambia mtu, na hapo nilikutana na mtihani ambao kuimba za wengine hakukunionyesha. Maneno ya Kiswahili karibu yote huishia na irabu, na vitenzi vingi huishia na sauti ileile, kwa hiyo kina hupatikana bila jasho, na kinachopatikana bila jasho mara nyingi hakimgusi mtu. Mistari minne inayoishia na "tumependana", "tumeshikana", "tumegombana" na "tumeachana" ina vina kamili, lakini vina hivyo vimeletwa na sarufi, wazo halikushiriki. Nikikuta kina cha namna hiyo katika rasimu yangu, hutafuta nomino au kielezi chenye sauti hiyohiyo, na mara nyingi utafutaji huo hunifikisha kwenye picha ambayo sikuwa nimeifikiria. Jambo jingine ni mkazo. Kwa kuwa mkazo wa neno letu kwa kawaida hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, neno likirefushwa kwa kiambishi mkazo nao huhama: katika "penda" uko kwenye "pe", katika "pendana" umehamia "nda", na katika "pendaneni" uko kwenye "ne". Melodi iliyotungiwa neno fupi haiwezi kulipokea neno refu bila kulipinda, na msikilizaji huhisi kuna kitu hakijakaa sawa hata kama hawezi kukitaja. Dawa yangu ni kusoma mashairi kwa sauti, bila muziki, kwa mwendo wa mazungumzo ya kawaida, huku nikigonga meza kila mkazo unapoangukia, kisha kuhakikisha kwamba pigo zito la muziki linaangukia palepale.

Wimbo wangu wa kwanza kurekodiwa kwa uzito ulimeza akiba niliyoijenga kwa muda mrefu. Fedha zililipia saa za studio, mpiga gitaa, mpiga besi, kuchanganya sauti na mastaringi, yaani hatua ya mwisho ya kuusawazisha wimbo kabla haujatoka, na zilipokwisha hapakuwa na kilichobaki cha picha ya jalada wala cha kuutangaza wimbo wenyewe, kwa hiyo ulisikilizwa na watu waliokuwa wakinijua tayari. Ningemshauri anayeanza atenge fedha za kutangaza kabla ya kulipa studio, na ikiwa kilichobaki hakitoshi, apunguze idadi ya ala au idadi ya nyimbo. Saa za studio huhesabiwa hata unapobadilisha mstari mmoja wa ubeti, kwa hiyo ingia ukiwa na mashairi yaliyokwisha, ufunguo uliokubaliwa, kasi ya wimbo iliyopimwa kwa metronomu, na rekodi ya majaribio ya simu ambayo wapigaji wote wameshaisikia. Studio inayokubali kukupangia saa za mfululizo ni bora kuliko ya bei ndogo inayokukatizakatiza, kwa kuwa sauti ya mwimbaji hubadilika siku hadi siku na vipande vilivyorekodiwa mbalimbali huwa vigumu kuunganisha.

Gharama kubwa kuliko hiyo ilikuja baadaye, na haikuwa ya fedha pekee. Mmoja wa wanamuziki tuliokuwa nao alikuwa amebuni kipande kifupi cha melodi ambacho kiligeuka kuwa kiini cha kiitikio. Siku ile tulikuwa na furaha kubwa, na hakuna aliyetaja suala la mgawanyo. Wimbo ulipokuja kuombwa utumike katika tangazo, kila mmoja wetu alikuwa na kumbukumbu yake ya namna wimbo ulivyozaliwa, na ninaamini kila mmoja alikuwa akisema kweli kadiri alivyoikumbuka. Mtu anayetafuta wimbo wa tangazo hangoji watunzi wapatane. Alichukua wimbo mwingine. Tulipoteza malipo, na kwa kipindi kirefu tulipoteza urafiki, na hilo la pili ndilo lililoninyima usingizi.

Baada ya hapo niliamua kujifunza hakimiliki kama nilivyojifunza gitaa, kidogo kidogo na kwa kurudia. Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba wimbo mmoja hubeba mali mbili tofauti. Mali ya kwanza ni utunzi, yaani mashairi na melodi, na mwenye nayo ni aliyetunga. Mali ya pili ni rekodi, ambayo wanamuziki huiita masta, na mwenye nayo kwa kawaida ni yule aliyeigharamia au anayetajwa kwenye mkataba. Utunzi hulindwa na Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao leo una nchi wanachama zaidi ya 180, na chini ya mkataba huo ulinzi huanza kazi inapoundwa, bila sharti la kusajiliwa. Waimbaji, wapigaji na watayarishaji wa rekodi wana haki zao zinazoitwa hakishiriki, ambazo zilipata mkataba wake wa kimataifa mjini Roma mwaka 1961. Ulinzi huo wa moja kwa moja haupunguzi umuhimu wa ushahidi; ninahifadhi rasimu zenye tarehe, rekodi za simu za siku wimbo ulipozaliwa, na barua pepe nilizojitumia mimi na wenzangu, na pale ambapo usajili wa hiari upo ninausajili wimbo kabla haujatoka.

Mgawanyo kati ya watunzi ni suala la makubaliano, na makubaliano yasiyoandikwa huamuliwa na sheria ambayo huenda hamkuitarajia. Nchini Marekani, kwa mfano, watunzi wenza wasio na makubaliano ya maandishi huchukuliwa kuwa na sehemu sawa, hata kama mmoja aliandika mashairi yote na mwingine alichangia mstari mmoja wa melodi. Karatasi ninayotumia sasa ni ya ukurasa mmoja: jina la wimbo, tarehe, majina kamili ya watunzi na majina yao ya kisanii, asilimia ya kila mmoja katika utunzi, asilimia au malipo ya kila mmoja katika rekodi, na sahihi. Asilimia za utunzi lazima zifikie 100, jambo linaloonekana dogo mpaka taasisi ya kukusanya mirabaha, yaani malipo ya matumizi ya wimbo, inapokataa kulipa kwa sababu madai ya watunzi yakijumlishwa yanazidi wimbo mzima. Karatasi hiyo hujazwa siku ileile, kabla mtu hajaondoka. Mara za kwanza niliona aibu kuitoa, kana kwamba ninawatilia wenzangu shaka. Baadaye niligundua kwamba mpigaji aliyezoea kudhulumiwa huifurahia kuliko mtu yeyote, na kwamba mtu anayekasirika kwa kuombwa aandike sehemu yake amenipa taarifa muhimu kabla ya wimbo kutoka.

Kwa prodyuza suala ni nyeti zaidi. Baadhi hulipwa mara moja na kuachia kila kitu. Baadhi hutaka sehemu ya masta. Baadhi huwa wametunga biti, yaani muziki wenyewe wa kuimbiwa, na kwa haki ni watunzi wenza. Njia zote ni halali, ila ni lazima ijulikane ni ipi imechaguliwa. Nikimaliza malipo ninaomba maandishi ya kuachiwa masta, na ninaomba faili za kila ala na kila sauti zikiwa pekee, pamoja na toleo la ala tupu lisilo na sauti, kwa sababu hilo ndilo linalotafutwa na watengenezaji wa filamu na matangazo. Studio hufungwa na kompyuta huharibika, na faili zilizokuwa na mtu mmoja pekee hupotea pamoja naye. Hifadhi nakala mahali pasipopungua pawili.

Tofauti kati ya utunzi na masta ilionekana na dunia nzima katika suala la mwimbaji wa Marekani Taylor Swift. Lebo yake ya kwanza ilipouzwa mwaka 2019, masta za albamu zake sita za mwanzo ziliuzwa pamoja nayo. Kwa kuwa yeye ndiye aliyetunga au aliyeshiriki kutunga nyimbo hizo, aliweza kuanza kuzirekodi upya na kutoa matoleo mapya kuanzia mwaka 2021, na mwaka 2025 alizinunua masta za awali. Wengi huisimulia habari hiyo kama ushindi wa msanii tajiri. Mimi huitumia kumwonyesha kijana asiye na kitu kwamba kalamu yake ilikuwa na thamani hata pale rekodi ilipokuwa mikononi mwa wengine, na kwamba vipengele vya mkataba vinavyomzuia msanii kurekodi tena wimbo wake kwa miaka kadhaa visomwe kwa makini mno.

Baadaye nilijenga sehemu ya kurekodia nyumbani ili saa zangu zisitegemee ratiba ya mtu mwingine. Kwa mwimbaji anayerekodi peke yake, chumba ni muhimu kuliko maikrofoni. Maikrofoni ya kondensa, ambayo hunasa hata sauti ndogo, ya bei kubwa katika chumba chenye kuta tupu itarekodi mwangwi wa chumba kwa uaminifu mkubwa, na mwangwi uliokwisha kuingia kwenye sauti ni vigumu sana kuutoa. Nilitundika mablanketi mazito nyuma na pembeni ya mahali pa kuimbia, nikasogea mbali na ukuta, na kwa muda mrefu nilitumia maikrofoni ya dainamiki ambayo haichukui sana sauti za mbali. Ninarekodi kwa biti 24, kipimo cha undani wa rekodi ya kidijitali, na huacha nafasi ya kutosha juu ya sauti kubwa kabisa ili isipasuke; hakuna faida ya kuijaza hadi ukingoni. Wala hakuna haja ya kumsihi fundi wa mastaringi aupaze wimbo kupita kiasi, kwa kuwa jukwaa la kusikiliza muziki mtandaoni kama Spotify husawazisha ukubwa wa sauti za nyimbo, kwa kawaida hadi kiwango cha LUFS −14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia), na wimbo uliobanwa ili upige kelele huteremshwa tu, ukiwa umeshapoteza uhai wake. Kuchanganya sauti ninamwachia mtu mwingine. Kujitegemea hakukunitaka nifanye kila kazi mwenyewe, na sikio la mtu ambaye hakuusikia wimbo ukizaliwa husikia yale ambayo langu limeshayazoea.

Kuusambaza wimbo kwenye majukwaa ya kusikiliza ni kazi ya makaratasi kuliko ya muziki. Kila rekodi hupewa namba ya utambulisho ya ISRC yenye herufi na tarakimu 12, na utunzi una namba yake tofauti, ISWC. Rekodi ileile ikihamishwa kutoka kwa msambazaji mmoja, yaani kampuni inayopeleka nyimbo kwenye majukwaa, kwenda mwingine, ihame na ISRC yake, la sivyo hesabu ya wasikilizaji inaweza kuanza upya. Jina la kisanii liandikwe kwa namna moja kila mahali, pamoja na nafasi na alama zake, kwa kuwa jina lililoandikwa kwa namna mbili huweza kuzaa wasanii wawili kwenye mfumo, na mapato hupotelea katikati. Wimbo uwasilishwe mapema. Spotify hutaka wimbo upendekezwe kwa wahariri wake wakati haujatoka, na ukipendekezwa angalau siku 7 kabla huingia kwenye orodha za wimbo mpya za wanaokufuata. Mimi huwasilisha majuma kadhaa kabla, kwa kuwa jalada hukataliwa, jina hukosewa, na marekebisho huchukua muda.

Mapato ya majukwaa hayo yanaeleweka vibaya mno. Watu huuliza wimbo mmoja ukisikilizwa mara moja unalipwa kiasi gani, ilhali Spotify, kama majukwaa mengi, haina bei maalumu ya usikilizwaji mmoja. Fedha zinazokusanywa huwekwa pamoja, kisha hugawanywa kwa kadiri ya sehemu ya kila mwenye haki katika usikilizwaji wote, ndiyo maana kiasi hubadilika mwezi hadi mwezi na nchi hadi nchi. Usikilizwaji huhesabiwa mtu akifikisha sekunde 30. Tangu mwaka 2024, wimbo ambao haukufikisha usikilizwaji 1,000 katika miezi 12 iliyotangulia hauingizwi kabisa katika mgawo wa mirabaha ya rekodi. Nilipoyaelewa hayo niliacha kutoa nyimbo nyingi mfululizo kwa matumaini kwamba wingi utalipa, nikaanza kuutumikia kila wimbo kwa muda mrefu zaidi.

Kuna mtego hapa ambao ningependa kila mtu auepuke. Niliwahi kufuatwa na watu walioahidi kuniingiza kwenye orodha kubwa za nyimbo kwa malipo, na idadi ya wasikilizaji ilipanda kwa siku chache kwa namna isiyoelezeka: wengi kutoka mahali ambapo sikuwa na mfuasi hata mmoja, wakisikiliza wimbo mmoja tu, bila kuuhifadhi. Wimbo uliondolewa kwa tuhuma za usikilizwaji bandia na mapato yake yakazuiwa. Mtu anayekuahidi idadi kamili ya wasikilizaji anakuuzia mashine. Anayefanya kazi halali ataahidi kuufikisha wimbo kwa watu fulani, na hatathubutu kusema watafanya nini wakiusikia.

Kwa upande wa fedha kwa ujumla, ukweli ni kwamba nyimbo zangu nyingi zilichukua muda mrefu kurudisha gharama zake, na nyingine bado hazijarudisha. Ninaishi kwa mchanganyiko: maonyesho ya moja kwa moja, kufundisha uimbaji, kutungia wengine, mirabaha ya utunzi, mapato ya rekodi, na mara chache leseni ya filamu au tangazo. Wasanii wengi wa kujitegemea hawajui kwamba msambazaji wa mtandaoni kwa kawaida huleta fedha za rekodi tu. Fedha za utunzi, yaani zile zinazotokana na wimbo kupigwa redioni, kwenye runinga, katika kumbi na kwenye majukwaa hayohayo ya mtandaoni, hupita kwenye taasisi za usimamizi wa pamoja wa haki, na asiyejisajili huko hazimfikii hata kama wimbo wake unapigwa kila siku. Nilikaa muda mrefu bila kujisajili, na sehemu ya mapato ya kipindi hicho haikupatikana tena. Kwa upande wa maonyesho, ninaomba sehemu ya malipo kabla ya siku yenyewe na ninaandika kwenye makubaliano nani analeta vipaza sauti, nani analipa usafiri, na nini kinatokea shoo ikiahirishwa. Ajira ya mchana niliyokuwa nayo nilipoanza sikuiona kama kushindwa. Ndiyo iliyonipa uwezo wa kukataa kazi mbaya.

Niliutumia uwezo huo siku niliyoletewa mkataba wa lebo. Nilisisimka, na sioni sababu ya kuficha furaha ya kuambiwa kwamba kuna mtu anayeziamini nyimbo zako. Nilimlipa mwanasheria anayeijua sanaa ausome, na hiyo ni miongoni mwa fedha nilizozitumia vizuri kuliko zote. Alinionyesha kwamba masta zingekuwa zao moja kwa moja, kwamba gharama zote za video na matangazo zingekatwa kwenye sehemu yangu kabla sijalipwa chochote, kwamba walikuwa na hiari ya kuongeza albamu baada ya albamu huku mimi nikiwa sina hiari ya kuondoka, na kwamba walitaka sehemu ya mapato ya maonyesho ambayo hawakuwa na mchango wowote ndani yake. Tuliomba muda wenye kikomo, masta zirudi kwangu baada ya miaka kadhaa, na kiwango cha juu cha gharama kisichopitwa bila ridhaa yangu ya maandishi. Walikataa, tukaachana kwa heshima. Sisemi kwamba lebo ni adui. Kuna wasanii ambao mtaji na mtandao wa lebo uliwafikisha mahali ambapo wasingefika. Ninachosema ni kwamba leseni ya muda ni tofauti kabisa na kuuza, na neno "milele" likionekana katika mkataba, msanii aliulizie bei yake.

Mwili nao ulinidai. Katika msimu wenye maonyesho mengi sauti ilianza kukwaruza, nikaendelea kuimba kwa nguvu zaidi ili kuuficha ukwaruzo. Mwimbaji anapoimba noti ya A yenye mtetemo wa 440, mikunjo ya sauti hukutana mara 440 kwa sekunde moja. Mikunjo iliyovimba ikilazimishwa kufanya kazi hiyo huendelea kujeruhiwa. Daktari wa koo aliichungulia kwa kamera, akaniamuru nipumzike, kisha nikapelekwa kwa mtaalamu wa tiba ya sauti aliyenifundisha upya jinsi ya kutegemeza pumzi. Nilifuta maonyesho, nikarudisha malipo ya awali, na nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuielezea vizuri hadi leo. Ukwaruzo unaozidi wiki tatu au nne usisubiriwe, na wakati wa kupumzisha sauti usinong'one kwa nguvu, kwa kuwa huko si kupumzika. Masikio yanahitaji uangalizi uleule: kiwango kinachopendekezwa na wataalamu wa usalama kazini nchini Marekani ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila ongezeko la desibeli 3 hupunguza muda huo kwa nusu, kiasi kwamba kwenye desibeli 100, ambazo si ajabu jukwaani, muda salama ni dakika 15. Vizibio vya masikio vya wanamuziki hupunguza sauti bila kuiharibu, na ninavivaa kwenye mazoezi pia.

Ninarudi kwenye saa, kwa sababu ndizo nilizochelewa zaidi kuzitetea. Kujisimamia huleta kazi isiyokwisha ya barua, picha, ratiba, ankara na machapisho ya mtandaoni, na kazi hiyo ina hila moja: humfanya mtu ahisi amefanya muziki siku nzima hali hajagusa ala. Kuna kipindi kirefu sikutunga kitu, na nilijiambia kwamba msukumo umenikimbia, ilhali nilikuwa nimeugawa muda wangu wote kwa mambo yaliyouzunguka muziki. Sasa asubuhi ni ya kutunga, simu ikiwa chumba kingine, na shughuli za biashara huanza mchana. Katika asubuhi hizo sitakiwi kutoa wimbo mzuri. Ninatakiwa kuwapo na kumaliza nilichokianza, hata kikiwa kibovu, kwa kuwa wimbo uliokamilika unaweza kurekebishwa, lakini kipande cha mistari minane hakinifundishi chochote. Nyingi za nyimbo hizo hazitasikika na mtu, na sizihesabu kuwa hasara.

Mtazamo wangu wa kazi yenyewe ulibadilika kwa njia hiyo. Mwanzoni nilitunga nikiwa na watu wengi kichwani, nikijiuliza watapenda nini, na mashairi yakawa mapana kiasi kwamba hayakumhusu yeyote. Siku hizi ninatunga nikiwa na mtu mmoja ninayemjua vizuri, na jambo moja ambalo ningependa kumwambia lakini maneno ya kawaida hayatoshi. Ajabu ni kwamba nyimbo hizo ndizo ambazo wageni huniandikia kuzihusu. Juma la kwanza baada ya wimbo kutoka bado ni gumu kwangu, kwa kuwa takwimu huonekana kila saa na huzuni hunivamia hata idadi ikiwa nzuri. Ninamkabidhi rafiki kazi ya kuzitazama, aniambie mwisho wa mwezi, nami wakati huo ninakuwa nimeshaanza wimbo mwingine.

Jambo ambalo nimelifanya hivi karibuni, na ambalo ningelifanya mapema kama mtu angeniambia, ni kuweka kumbukumbu kwa ajili ya familia. Kwa kiwango cha chini cha Mkataba wa Berne, haki ya utunzi huendelea kwa miaka 50 baada ya mtunzi kufariki, na nchi nyingi zimeifikisha miaka 70, maana yake ni kwamba nyimbo hizi zitakuwa mali ya watu ambao hawakuwahi kuingia studio. Nimeandika orodha ya nyimbo zote, zilizotoka na zisizotoka, pamoja na mgawanyo wa kila moja, namba zake, jina la msambazaji, taasisi niliyosajiliwa, mahali faili zilipo, na namna ya kuzifungua akaunti. Nimeandika pia nani anaruhusiwa kuamua kama wimbo utumike katika tangazo au katika kampeni ya siasa, na ni nyimbo zipi nisingependa zitolewe kamwe. Nakala moja ipo kwa mwanasheria na nyingine kwa ndugu yangu, na huisahihisha kila wimbo mpya unapotiwa sahihi.